Kupima Ugumu wa Mapambano katika Michezo ya Kuigiza ya Mezani: Hesabu ya Adui na Njia ya Kutorokea

Mada hii inachunguza namna ugumu wa pambano unavyopimwa, kabla pambano lenyewe halijaanza, katika michezo ya kuigiza ya mezani. Michezo hiyo huchezwa na watu wachache walioketi pamoja, kila mmoja akimwendesha mhusika wake kwa maneno na kwa kurusha dadu, huku mwenzao mmoja, anayeitwa mwongozaji, akisimulia ulimwengu wa kubuni na kuwasemea maadui na watu wengine wote waliomo. Mfano unaotumika hapa ni Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, kwa sababu kanuni zake za kupima ugumu zimeandikwa upya mara kadhaa, na kila toleo limefichua kasoro ya lililotangulia. Hoja inayotetewa ni kwamba majedwali ya ugumu yameendelea kuboreshwa katika kukadiria nguvu za adui, ilhali njia ya kutorokea, iliyokuwa mizani ya kwanza ya mchezo huu, imeachwa ikapotea bila mtu kuililia.

Katika miaka ya mwanzo hapakuwa na jedwali la kumhakikishia mwongozaji kwamba pambano fulani linawafaa wachezaji fulani. Sehemu kubwa ya pointi za uzoefu, yaani zile zinazomwezesha mhusika kupanda ngazi, ilitokana na hazina iliyotolewa shimoni, yaani mahali pa chini ya ardhi wanapopeleleza wahusika, si na maadui waliouawa, na kwa hiyo vita vilikuwa gharama ambayo mchezaji mwenye akili aliikwepa kila alipoweza. Toleo la mwaka 1981 lililohaririwa na Tom Moldvay linaonyesha jambo hili waziwazi: wahusika wanapokutana na viumbe, mwongozaji hurusha dadu mbili kujua kama viumbe hao ni wakali, wana shaka au wako tayari kuzungumza; vita vikianza, kila aina ya kiumbe ina kipimo cha ujasiri kinachoamua iwapo watakimbia baada ya mwenzao kuanguka, na wahusika wakishindwa wanaweza kutimua mbio huku wakidondosha chakula au dhahabu ili kuwachelewesha wanaowafukuza. Mchezaji hakuahidiwa kwamba kila atakachokutana nacho anaweza kukishinda, na ndiyo maana hakuna aliyehisi haja ya kuhesabu.

Ahadi hiyo ilikuja mwaka 2000, pale toleo la tatu lilipompa kila adui kiwango cha changamoto, yaani namba inayoonyesha ngazi ya kundi la wahusika wanne ambalo litamshinda kwa kutumia takriban asilimia 20 ya akiba yake ya uhai, uchawi na vifaa. Toleo la tano, la mwaka 2014, liliipanga hesabu hiyo kama bajeti. Kila mhusika wa ngazi ya kwanza hupewa vizingiti vinne vya pointi, yaani 25 kwa pambano rahisi, 50 kwa la wastani, 75 kwa gumu na 100 kwa la kuua. Vizingiti vya kundi zima hujumlishwa, kisha hulinganishwa na pointi za maadui, ambazo nazo huzidishwa kulingana na idadi yao.

Inafaa kuitazama bajeti hiyo ikiwa kazini. Masimulizi yaliyouzwa katika kisanduku cha wanaoanza cha mwaka huo, Lost Mine of Phandelver, yanafunguliwa kwa goblini wanne wanaovizia barabarani, viumbe wadogo wenye hila ambao kila mmoja ana thamani ya pointi 50. Wanne hufanya 200, na kwa kuwa idadi ya maadui kuanzia watatu hadi sita huzidishwa kwa mbili, jumla inakuwa 400, ambayo kwa kundi la watu wanne wa ngazi ya kwanza ndiyo hasa mwanzo wa pambano la kuua. Mchawi wa ngazi hiyo kwa kawaida ana pointi 8 za uhai au chini ya hapo, na mshale wa goblini hutoa kati ya 3 na 8. Mishale miwili ikimpata katika mzunguko mmoja wa zamu, humwangusha mara 33 kati ya 36, naye huenda hajapata bado zamu ya kufungua kinywa. Hivyo ndivyo watu wengi walivyokaribishwa katika mchezo huu. Hata hivyo, waandishi waliweka mto wa kuangukia, ila waliuweka ndani ya masimulizi na si katika jedwali: goblini watatu wakianguka, wa nne anakimbia, na wachezaji wakishindwa, goblini huwaacha wamezimia na kuondoka na mali. Pambano ambalo hesabu inaliita la kuua linaishia kuwa wizi wa barabarani, na hilo ni suluhisho bora kuliko kizidisho chochote.

Kuhusu vizidisho vyenyewe, msingi wake ni wa kweli. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alionyesha mwaka 1916 kwamba katika vita vya silaha zinazofika mbali, nguvu ya jeshi hukua kwa mraba wa idadi ya wapiganaji wake, kwa maana kwamba upande wenye watu wengi hupiga mara nyingi zaidi na wakati huohuo hugawana mapigo wanayopokea. Mezani jambo hili huonekana katika hesabu ya zamu, yaani mara ambazo kila upande unapata kutenda kabla mzunguko haujarudi mwanzo. Goblini wanane wana zamu nane dhidi ya nne za wahusika, na ndiyo sababu joka mkubwa wa toleo la 2014 amepewa vitendo vitatu vya ziada baada ya zamu za wengine, kwani bila hivyo adui mmoja, hata awe na nguvu namna gani, huzungukwa na kupigwa kama ngoma. Ajabu ni kwamba toleo jipya la mwongozo, la mwaka 2024, limeviondoa vizidisho. Goblini wanane dhidi ya wahusika wanne wa ngazi ya tatu, ambao kwa hesabu ya 2014 walifikia pointi 1,000 na kuitwa pambano gumu, sasa wanabaki na pointi 400, chini hata ya kiwango cha chini kabisa cha ugumu, ambacho ni 600. Jedwali limekuwa jepesi kutumia, na tahadhari kuhusu wingi wa maadui imehamishiwa katika maelezo, mahali ambapo mwongozaji mwenye haraka hatafika.

Tatizo la pili, baada ya lile la wingi wa maadui, ni urefu wa siku. Bajeti ya 2014 ilitungwa kwa kudhani kwamba kundi litakabili mapambano sita hadi manane ya wastani au magumu kabla ya kulala na kurejesha nguvu zake. Mchawi wa ngazi ya tano ana nafasi mbili za kurusha mpira wa moto, uchawi unaotoa wastani wa pointi 28 za madhara kwa kila aliyemo ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha futi 20. Akilazimika kuzigawa nafasi hizo kwa mapambano saba, kila moja ni uamuzi; akijua kwamba pambano ni moja tu siku hiyo, atazitumia zote katika mizunguko miwili, na adui aliyeitwa mgumu atakuwa majivu kabla hajatisha. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili la mwaka 2019, hukaribia kulikwepa tatizo hili kwa kuwa bajeti yake, pointi 80 kwa pambano la wastani la watu wanne na 160 kwa la hatari kupita kiasi, hupima zaidi tofauti ya ngazi kuliko akiba iliyobaki, na kwa hesabu tupu ndiyo inayoaminika zaidi.

Lakini hesabu sahihi haijibu swali la nini kinatokea inapokosea, na kwa kuwa dadu yenye pande 20 haina upendeleo, itakosea. Zimwi, ambaye msomaji wa Kiswahili anamfahamu tangu ngano za utotoni, anafaa kuwa kipimo cha hoja hii. Katika toleo la 2014 ana pointi 59 za uhai, na rungu lake hutoa wastani wa 13, kiasi cha kutosha kumlaza karibu kila mhusika wa ngazi ya kwanza kwa pigo moja. Mwendo wake ni futi 40 kwa zamu, wakati binadamu ana 30. Anayegeuka kumkimbia hupigwa anapochomoka karibu naye, na akitumia zamu nzima kukimbia atapata futi 60, ilhali zimwi naye atapata 80. Kanuni zinazosema mhusika anaweza kutoroka ndizo hizohizo zinazohakikisha kwamba hatafika popote, na kipimo cha ujasiri cha maadui, kilichoandikwa kwa kila kiumbe katika toleo la 1981, kimewekwa miongoni mwa kanuni za hiari. Wachezaji wanaopigana hadi mtu wa mwisho hulaumiwa kwa ukaidi, kumbe wamesoma kanuni vizuri.

Mwongozaji anayebadilisha matokeo ya dadu kwa siri ili kuwaokoa wachezaji anaziba pengo hilohilo kwa njia mbaya zaidi, kwa kuwa anawanyima haki ya kujua kwamba uamuzi wao ulikuwa na uzito. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba mwongozaji anapoandaa pambano aandike mambo matatu kabla ya kufungua jedwali: adui anataka nini hasa, atakata tamaa wakati gani, na wahusika wakishindwa watapitia wapi na kwa gharama gani. Watunzi wa miongozo nao wanaombwa kuziweka kanuni za kufukuzana na za ujasiri katika sura ya vita, na kulichapa kila jedwali la ugumu pamoja na maelezo ya namna ya kulikimbia pambano lililopimwa humo.