Ngumbaru: Benchi Moja la Mkulima na Mfugaji



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha Ramadhani nyingine. Ni katika mwezi huu iliposhuka amri ya kwanza ya Qur'ani, na amri yenyewe ni kusoma. Basi hebu tujiulize: hapa Garsen na vijiji vya Mto Tana, ni wazee wangapi wakiletewa karatasi huuliza tu, "Niweke wapi kidole?"

Si sisi peke yetu. Utafiti wa serikali wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watu wazima milioni 7.8 nchini Kenya, yaani asilimia 38.5, hawakujua kusoma na kuandika vya kutosha. Dawa yake tunayo zamani, ni madarasa ya watu wazima, ngumbaru. Lakini kijana akisikia ngumbaru hucheka. Hudhani ni mzee kujifunza kuandika jina lake, basi.

Sivyo, ndugu zangu. Chukua mfano wa kura. Asiyejua kusoma anaruhusiwa na sheria kusaidiwa kupiga kura, na hiyo ni haki yake. Lakini kura yake haiwi siri yake tena. Au chukua ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yataka maamuzi yapitishwe na mkutano wa watu wazima wote wa jamii, na waliohudhuria wasipungue theluthi mbili. Sasa mama amehudhuria, karatasi ikasomwa mbio kwa lugha asiyoijua, akatia kidole. Je, huyo ameamua au ameamuliwa?

Na kuna jambo zito zaidi. Mnakumbuka Agosti 2012. Idi ilikuwa haijamaliza wiki, watu zaidi ya 50 wakauawa Reketa, wake kwa watoto. Hadi mapema mwaka 2013 waliokufa katika delta walikuwa wamepita 100. Chanzo tulichokisikia sana ni malisho na maji: mkulima ana shamba lake kando ya mto, na mfugaji anataka malka ya kupitisha ng'ombe wakanywe. Sisemi kusoma peke yake kungezuia damu ile. Wenye kusoma pia huchochea. Lakini asiyejisomea huishi kwa kuambiwa, na uvumi haumwulizi mtu kabila lake.

Kwa hivyo darasa la ngumbaru lisiwe la Wapokomo peke yao, wala la Waorma na Wawardei peke yao. Liwe moja. Asiyeswali msikitini pia akaribishwe. Wakishajua herufi, kitabu chao kiwe yale yanayowahusu wote: katiba ya 2010, tangazo la chifu, mapatano ya malka. Anayesoma mapatano pamoja na jirani yake hawezi kuambiwa kesho kwamba yameandikwa mengine.

Mtasema, vipi nikae na aliyekuwa adui yangu? Tazameni Badri, vita vilivyopiganwa mwezi huu huu, tarehe 17. Mateka waliojua kusoma wakakosa mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kila mmoja kuwafundisha watoto 10 wa Madina. Jana walikuja na panga, leo ni walimu. Na Waislamu hawakuikataa elimu yao.

Nyinyi mliomaliza kidato cha nne mko nyumbani, kazi ni hii. Baada ya Idi, kila mmoja achukue watu wazima wawili, mmoja wa nyumba yake na mmoja wa kijiji cha pili. Wakati mwafaka waulizeni kina mama wenyewe, maana wao ndio wenye kuni na maji ya kuteka. Na mzee akikosea herufi, msimcheke. Amekuja kuwa raia kamili, na hilo halina umri.

Mola atakabali saumu zetu. Wassalaam alaykum.