Profoma Iliyoishia Kwenye Spamu

Msikilizaji, kuna wafanyabiashara wanaopoteza kazi bila hata kujua. Kampuni ya utalii ya Arusha inamtumia mgeni wa Ujerumani profoma ya safari ya Serengeti. Mgeni anasubiri, haoni kitu, anakwenda kwa mwingine. Kumbe profoma ilifika, ila imekaa kwenye folda ya spamu, na humo Gmail huifuta baada ya siku 30.

Wengi wetu tumezoea kumwambia mteja, "Hebu angalia kwenye spamu." Mazoea hayo nayapinga. Mteja mpya atatafutaje barua asiyojua kama ilitumwa? Anayepaswa kujitambulisha ni mtumaji.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji athibitishe kikoa chake, kwa SPF au DKIM. SPF ni orodha ya seva ulizoziruhusu kutuma kwa jina lako. DKIM ni saini ya kidijitali inayoonyesha kuwa barua haikuchezewa njiani. Wanaotuma barua kwa maelfu wanadaiwa zote mbili, pamoja na DMARC, yaani maelekezo kwa mpokeaji afanye nini na barua iliyofeli ukaguzi huo.

Ofisi ndogo hukwama hapa: fundi wa tovuti aliweka SPF ya seva yake. Baadaye ofisi ikahamia Google Workspace, fundi mwingine akaongeza SPF ya pili, ile ya kwanza akaiacha palepale. Kanuni inataka moja tu kwa kila kikoa. Zikiwa mbili, ukaguzi wa SPF unafeli, hata kama kila moja imeandikwa sawasawa. Ziunganishwe ziwe mstari mmoja, na programu inayotuma ankara zako nayo iingizwe humo.

Kupima ni rahisi. Kutoka ofisini, jitumie barua kwenye Gmail yako binafsi. Ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, chagua kuona barua asilia. Juu pale utaona SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila moja iliyofaulu, neno PASS.

Zote zikipita na barua bado zinapotea, kagua anwani ya IP ya seva yako kwenye orodha ya Spamhaus ya anwani zinazoshukiwa kutuma spamu. Kwenye seva za bei nafuu mnatumia anwani moja na watu msiojuana, na mmoja wao akimwaga spamu, mnafungiwa wote. Hapo mbane mwenye seva akuhamishie kwenye anwani safi. Ada unalipa, hiyo ni haki yako.