Ufugaji wa Nyoka: Kibali Kwanza, Kisha Kizimba

Hotuba ya Afisa wa Mazingira katika baraza la wananchi



Vijana kadhaa wametuuliza kama wanaweza kufuga nyoka nyumbani. Swali lao lina msingi, kwani hapa Kilifi tunaishi na nyoka, na tangu 1980 tuna shamba la nyoka la Bio-Ken pale Watamu. Jibu ni hili: kibali kwanza, kizimba cha pili, nyoka awe wa mwisho.

Nyoka ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kumweka bila kibali ni kosa, hata kama umemkuta shambani mwako. Serikali ya kaunti haitoi kibali hicho. Ulizeni katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyo karibu nanyi.

Nitoe mfano wa nyoka wa mchangani, yule mfupi, mnene, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa. Hana sumu, na huko Ulaya na Marekani watu wengi humfuga. Mwenye kibali amtengenezee kizimba cha urefu wa sentimita 75 hivi, chenye kifuniko cha komeo, maana nyoka hupenya penye upenyo mdogo. Atie mchanga mkavu wa kina cha sentimita 10, kwa sababu nyoka huyu hujifukia. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 32 hivi na wa pili nyuzi 26, ili achague mwenyewe. Joto letu la Pwani linasaidia, lakini kizimba kisiwekwe juani. Nyoka hatoi jasho, atakufa.

Maji yabadilishwe kila siku. Aliyekomaa hutosheka na panya mdogo mmoja kila baada ya wiki mbili. Panya huyo awe amekwisha kufa, kwani aliye hai anaweza kumng'ata. Akishakula, asishikwe kwa siku mbili. Na kila ukimgusa, nawa mikono kwa sabuni. Nyoka hubeba viini vya salmonela.

Sasa neno zito. Bafe naye ni mfupi na mnene, na bafe anaua. Usiokote nyoka kwa kudhani unamjua. Ukimkuta ndani ya nyumba, watoe watoto, mwangalie kwa mbali, uwaite KWS. Mtu akiumwa, msimchanje, msiinyonye sumu, msimfunge kamba. Mvueni pete na bangili, atulie, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, na apelekwe hospitali mara moja.

Anayempenda nyoka na hana kibali, amwache kichakani. Huko anatupunguzia panya wanaomaliza mahindi yetu.