Kijana wa Eastleigh na kamera mbili

Mlioniomba niandike yale niliyozungumza na darasa letu la video, haya hapa. Nimepunguza kidogo, maana siku ile niliongea sana.



Nianze na swali. Nani hapa anamjua Mohamed Amin? Naona mikono miwili. Sawa, msione haya. Mimi mwenyewe nilimjua nikiwa chuoni, tena kwa bahati tu, nikitafuta kitu chengine kabisa. Na huyu alikuwa mtu wetu. Kazaliwa Nairobi, Eastleigh, mwaka wa 1943, wazazi wake asili yao Punjab, babake alifanya kazi ya reli. Akalelewa Dar es Salaam, na huko huko, 1963, akiwa na miaka kama ishirini hivi, akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix. Ishirini! Wengine wetu hapa tumeshapita umri huo na bado tunasema tunasubiri simu yenye kamera nzuri.

Walimwita Mo. Alikuweko Zanzibar wakati wa mapinduzi ya 1964. Miaka miwili baadaye akafungwa jela huko huko Zanzibar karibu mwezi mzima kwa sababu ya kupiga picha. Tom Mboya alipopigwa risasi mjini Nairobi, Julai 1969, Mo alifika na kamera yake mapema. Kila mahali penye jambo, yuko.

Lakini kilichonivutia mimi si ujasiri. Majasiri wako wengi. Ni namna alivyofanya kazi: alibeba kamera ya picha za kawaida na kamera ya filamu, akafanya zote mbili kwenye tukio moja. Picha ziende kwa magazeti, filamu iende kwa televisheni. Halafu akirudi anatoa kitabu. Alitoa kitabu cha picha kuhusu hija mwaka wa 1978, akatoa cha Ziwa Turkana na watu wake, akatoa cha Kenya. Leo tunafundishwa kwamba stori moja itoke kwa picha, sauti, video na maandishi, na tunaambiwa ni elimu mpya. Mzee wetu alikuwa anafanya hivyo na vyuma vizito begani.

Sasa tuje Ethiopia, maana hapa ndipo nataka tukae.

Mwaka wa 1984 kaskazini mwa Ethiopia kulikuwa na njaa kubwa. Watu walikuwa wakifa kwa miezi, na dunia haikushughulika. Oktoba, Mo akaingia na mwandishi wa BBC, Michael Buerk, wakafika Korem. Walikuta maelfu ya watu uwanjani, kwenye baridi ya alfajiri. Mo hakukimbiza kamera. Aliipitisha polepole, uso baada ya uso, akaacha mtazamaji amwangalie mtu na yule mtu amwangalie yeye. Tarehe 23 Oktoba filamu ile ikaonyeshwa Uingereza, na baadaye vituo vingi duniani. Bob Geldof aliiona akiwa kwake nyumbani, akakusanya wanamuziki wakatoa wimbo kabla ya mwaka kuisha, na Julai 1985 kukawa na tamasha la Live Aid, London na Philadelphia siku moja. Mamilioni ya pesa yakapatikana. Chakula kikafika. Kuna watu wako hai leo kwa sababu ya filamu ya dakika chache.

Hapo wengi husimama, wanapiga makofi. Mimi nataka twende mbele kidogo.

Ile njaa haikuletwa na ukame peke yake. Kulikuwa na vita. Serikali ya Mengistu ilikuwa inapigana na waasi wa Tigray na Eritrea, na chakula kikafanywa silaha: maeneo ya waasi yakabanwa, masoko yakapigwa mabomu. Mtu aliyeiona ile filamu sebuleni kwake London aliona mvua haikunyesha, akaona watu maskini, akatoa pesa. Vita hakuviona sana. Na wale watu walioangaliwa na dunia nzima, wengi hatukuwajua majina. Miaka mingi baadaye ukisema Ethiopia, mtu wa mbali anaona mtoto mwenye njaa tu. Waethiopia wenyewe wamelalamika kuhusu hili, na wana haki.

Simlaumu Mo. Watu wanakufa mbele yako, kamera iko mkononi, unafanya unaloweza. Lakini picha ikiwa na nguvu sana, inaweza kumsaidia mtu na kumdhulumu wakati huo huo. Hili nalijua si kwa kusoma. Nimelifanya.

Kuna wakati mtaani kwetu maji yalikatika wiki nzima. Nikatoka na simu, nikamrekodi mama mmoja bombani akigombania foleni. Mtandio umemuanguka, anapiga kelele, kwa kweli anatukana. Nikaona hii ndiyo yenyewe, hii itafika mbali. Sikumuuliza. Nikaitupa mtandaoni usiku, asubuhi imeenea kila kikundi cha WhatsApp. Na watu hawakuongea maji, wallahi. Walimcheka. Walitengeneza vibandiko vya uso wake.

Siku ya tatu akaja kijana wake. Nilidhani amekuja kunipiga. Akaniambia tu, "Mama hatoki nje." Nikaifuta, lakini mnajua, ukishamwaga maji hayazoleki. Nikaenda kwake na mamangu, maana peke yangu sikuweza. Yule mama akanisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, ungeniuliza ningekwambia mengi."

Na akaniambia. Kwamba anaamka saa tisa usiku kuwahi foleni. Kwamba mitungi anaichukua kwa mkopo kwa mwenye mkokoteni, na deni linalala. Kwamba siku ile pale bombani alikuwa na mgonjwa ndani. Yote hayo hayakuweko kwenye video yangu. Video yangu ilikuwa na mwanamke anayetukana, basi.

Akanikubalia nimrekodi sauti, uso hapana. Nikapiga picha za mikono yake, mitungi, kile kidaftari cha madeni, ile njia ya gizani anayopita. Nikaunganisha na sauti yake, dakika mbili na nusu. Haikuenea kama ile ya kwanza, haikukaribia hata. Ila kina mama wa mtaa waliichukua wakaicheza kwenye mkutano wa maji, wakazima, wakaanza kuongea wenyewe, kila mmoja na kidaftari chake. Nilikaa nyuma kabisa siku hiyo.

Ndiyo maana nawasumbua sana na sauti. Picha mbaya watu watakuvumilia, sauti mbaya wanapita. Mo alikuwa na fundi wa sauti, John Mathai. Juni 1991 walikuwa Addis Ababa ghala la silaha lilipolipuka. Mathai akafa pale pale. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Tunamkumbuka Mo, sawa, lakini mtajeni na Mathai.

Mo alifariki 23 Novemba 1996, kwenye ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazidja. Watu 125 walikufa. Kati yao alikuweko pia Brian Tetley, aliyeandika maisha yake. Na hadithi za maisha ya Mo zikamfikia Boniface Mwangi, kijana asiye na njia ya maana wakati ule, akaamua kuwa mpigapicha. Ni huyu huyu aliyepiga ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kisha akatoa picha nje na kuzitembeza mijini, Picha Mtaani, ili waliopigana wasimame mbele yake wajione. Hakuna tiketi, hakuna suti.

Mkitaka kumuona Mo, tafuteni filamu ya mwanawe Salim, "Mo & Me", ya 2006. Haimpambi babake. Inaonyesha na nyumba alivyoiacha ikimsubiri.

Sasa kazi yenu. Jumamosi sitaki video. Kila mmoja aje na sauti ya mtu mmoja, dakika moja, mtu uliyemuomba ruhusa na akakubali, na unalijua jina lake hata kama hutalitaja. Funga feni, toka karibu na barabara, simu iwe karibu na mdomo wake, na wewe ukae kimya akimaliza sentensi, maana mara nyingi lile lenyewe hulisema hapo. Tutasikiliza zote, simu nitakusanya mlangoni.

Wabillahi tawfiq.