Fistula Iliyoziba na Mkojo Unaoendelea Kuvuja: Uwezo wa Kuzuia Mkojo Baada ya Upasuaji wa Mrija Ulioumia

Katika uzazi pingamizi, yaani uchungu unaodumu muda mrefu bila mtoto kushuka, kichwa cha mtoto hukigandamiza kibofu na mrija wa mkojo kwenye mfupa wa kinena hadi damu isifike katika tishu hizo, nazo hufa na kubanduka, zikiacha tundu linalopitisha mkojo ukeni mchana na usiku, ambalo ndilo huitwa fistula ya uzazi. Mafanikio ya upasuaji wake mara nyingi hupimwa kwa swali moja tu, kama tundu limeziba au la. Hoja ya mada hii ni kwamba kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa wapo wanawake ambao tundu lao limeziba kabisa na bado wanarudi kwao nguo zimelowa.

Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, na ndani ya urefu huo mdogo imo misuli inayobana mkojo, ikisaidiwa na shingo ya kibofu, yaani mahali kibofu kinapokutana na mrija, pamoja na tishu za sakafu ya nyonga. Sehemu ya mrija ikishakufa, daktari anaweza kuunganisha kingo zilizobaki, lakini hawezi kuurejesha msuli uliopotea. Mrija huwa mfupi, na kovu huukaza ukabaki wazi, hata kikohozi kikatosha kuutoa mkojo. Ndiyo maana uainishaji uliochapishwa mwaka 2004 na Judith Goh, daktari wa Australia, huanza kwa kupima umbali kutoka tundu la nje la mrija hadi ukingo wa fistula: unaozidi sentimita 3.5 ni aina ya 1, na ulio chini ya sentimita 1.5 ni aina ya 4, ambamo mrija umeharibika zaidi. Ukubwa wa tundu, wingi wa makovu na udogo wa kibofu huongeza hatari, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa hayo kabla ya kupasuliwa.

Anapovuja baada ya upasuaji, rangi ya buluu hutiwa kibofuni kwa katheta: ikitokea ukutani mwa uke, tundu halijaziba, ikitoka kwenye mrija anapokohoa, ubanaji ndio wenye kasoro. Lakini hata hapo ni lazima upimwe mkojo unaobaki kibofuni baada ya haja ndogo, maana kibofu kisichojimwaga hujaa kikafurika, na mgonjwa wa namna hiyo akikazwa mrija ataumizwa zaidi. Kipimo hiki huhitaji katheta na jagi lenye alama tu, na kukiruka hakuna udhuru.

Kinga huanza katika upasuaji wa kwanza, ambapo ukanda wa tishu za mgonjwa mwenyewe hupitishwa chini ya mrija ili kuushikilia; utepe wa sintetiki huepukwa, kwani huweza kuupenya mrija uliodhoofika na kuzua fistula upya. Baadaye hufuata mazoezi ya sakafu ya nyonga, na upasuaji wa pili hungoja miezi kadhaa hadi kovu litulie. Katika miezi hiyo baadhi ya wanawake hupata nafuu kibofu kinapotanuka, ilhali wengine huanza kuvuja wanaporudia kazi nzito, kwa hiyo takwimu za siku ya kuruhusiwa kutoka wodini haziwezi kusimama badala ya zile za kliniki ya marudio.