Hotuba ya Mahafali: Mamlaka na Migogoro ya Ardhi Mapinga

Nadharia za mamlaka na mgogoro huonekana waziwazi kwenye ardhi, na Mapinga, kata ya Bagamoyo iliyo kando ya barabara iendayo Dar es Salaam, haina upungufu wa mifano. Jiji lilipovuka Bunju, mashamba ya minazi na mikorosho yalikatwa viwanja, na baadhi ya viwanja vikajikuta vina wenyewe wawili au watatu.

Kwa Karl Marx, kiini ni mali: mwenye mtaji hununua ekari kwa mkupuo, mrithi huuza ili alipe ada au matibabu. Ni kweli, lakini haitoshi. Max Weber alitenganisha mamlaka ya jadi na ya kisheria, na hapo ndipo Mapinga inapoeleweka. Mlalamikaji mmoja huleta karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, yenye majina ya majirani wa pande nne, mashahidi na mhuri wa serikali ya kijiji. Wa pili ana hati. Wa tatu, mzee, hana karatasi yoyote. Anaonyesha mwembe alioupanda babu yake. Kinachogombaniwa, basi, ni ardhi pamoja na swali la ushahidi wa nani utahesabika.

Swali hilo ni la zamani. Amri ya Wajerumani ya 1895 iliifanya ardhi isiyo na mwenyewe anayetambuliwa kuwa mali ya dola, na kuthibitisha likawa jukumu la mwananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilitambua milki ya kimila na haki sawa ya mwanamke. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Hatua kubwa, ingawa kifungu cha sheria hakimfikishi mtu barazani.

Steven Lukes, katika kitabu chake cha 1974, alieleza nguvu inayomfanya mtu asilalamike kabisa. Mjane anayeambiwa na shemeji zake kuwa shamba ni la ukoo, akakubali na kurudi kwao, hafungui shauri. Mhitimu wa sosholojia atakayepima mgogoro kwa kuhesabu majalada ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hatamwona mwanamke huyo, na ataandika kwamba kijiji kile kina amani.