Waungwana wa Mweru





Watu wa bonde la Luapula husimulia ya kwamba hapo kale Nkuba, mtawala wa Washila, alimwua mtoto wa dada yake, jina lake Nachituti. Mama yule, kwa uchungu wake, alikwenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, akamwomba amlipie kisasi. Kisasi kilipokwisha alimpa Mwata kikapu cha udongo na chungu cha maji, maana yake nchi na ziwa. Walunda wakapata ufalme, lakini Washila hawakuondolewa katika maji yao. Wakabaki wakihesabiwa kuwa ndio wenyewe. Hadithi hii yafaa kutangulia, kwa kuwa yafundisha desturi ya nchi: ajaye nyuma, hata akiwa mfalme, hukaa kwa kumheshimu aliyemtangulia.

Waislamu nao waliingia kama wageni. Wareno Monteiro na Gamitto walipofika kwa Kazembe mwaka wa 1831, waliwakuta huko watu wa pwani. Walikuja kwa pembe za ndovu na kwa shaba ya Katanga, wakaleta nguo na ushanga. Safari ilikuwa ya miezi mingi kwa miguu, na mara nyingi mtu alikaa miaka kabla ya kurudi.

Maisha ya kila siku aliyoyakuta mgeni yule yangali yakitambulikana leo huku Nchelenge na Kashikishi. Muhogo ulilowekwa majini hata ukalainika na uchungu wake ukatoka, ukaanikwa juani, ukatwangwa, ukasongwa ugali. Kitoweo kilikuwa samaki wa Mweru na wa ziwa dogo la Mofwe, wabichi au waliokaushwa. Michikichi ilitoa mafuta. Mgeni wa pwani hakuwa na shamba wala wavu. Alikula kwa mkono wa jirani, na alikaa kwa idhini ya Mwata.

Kati ya wageni hao ajulikanaye zaidi ni Muhammad bin Salih. David Livingstone, aliyeliona Ziwa Mweru mwezi wa Novemba 1867 na kuingia mjini kwa Kazembe mwezi huo huo, alimkuta huko, mzee mwenye ndevu nyeupe na uso wa tabasamu. Alikuwa amekaa zaidi ya miaka kumi, na kuishi chini ya Makazembe wanne. Wala hayakuwa maisha ya raha. Mali yake ilikuwa imepotea, na ruhusa ya kuondoka alikuwa amenyimwa. Katika mji ule lango la ua wa mfalme lilipambwa kwa mafuvu ya watu yapata sitini. Mzee akavumilia.

Mwisho akaachiliwa. Tarehe 22 Desemba 1867 msafara ulitoka mjini, Livingstone na mzee wakiwa pamoja. Siku chache baadaye ukaandama mwezi wa Ramadhani wa mwaka wa 1284 wa Hijra, nao wangali njiani, wakielekea kaskazini upande huu wa mashariki ya ziwa, wakati wa masika. Mwezi wa Januari walifika Kabwabwata, kijiji walichokaa jamaa zake pamoja na mwanawe, wakapokewa kwa furaha kubwa. Baadaye mzee alikwenda kukaa Ujiji, na huko Stanley alimkuta mwaka wa 1871.

Hiyo ndiyo sura ya kwanza, nayo ni nzuri kuisimulia. Sura ya pili haifai kufichwa. Mwaka huo huo wa 1867 Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, alimpiga Nsama wa Itawa, kaskazini-mashariki ya ziwa, akatwaa pembe nyingi. Naye mwenyewe ameyasimulia hayo kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake. Tangu hapo bunduki ilishinda mizani. Wafanyabiashara wakajiingiza katika ugomvi wa urithi wa kiti cha Mwata, na mwaka wa 1872 habari zilimfikia Livingstone ya kwamba Kazembe ameuawa. Vijiji vilichomwa, na wana wa watu wakapelekwa mbali wamefungwa shingo. Wengi waliofanya hivyo walikuwa wakisali na kufunga.

Mwaka wa 1894 Waingereza na Wabelgiji walipitisha mpaka katikati ya ziwa, na mwaka wa 1899 Waingereza wakautwaa mji wa Kazembe. Biashara ya watumwa ikakoma, lakini kumbukumbu haikukoma.

Katika Kibemba, watu wa pwani huitwa Balungwana. Asili ya jina hilo ni waungwana: watu huru, wenye adabu. Wageni ndio waliojiita hivyo, na wenyeji wakalipokea jina kama lilivyo. Akaitwa mwungwana yule mzee aliyekula muhogo wa jirani na kuvumilia. Akaitwa mwungwana pia yule aliyekuja usiku na minyororo. Jina moja likabeba watu wawili.

Basi, ndugu wasikilizaji, Mwislamu wa Mweru amerithi jina hilo pamoja na deni lake. Ukale wa kufika hautoshi kuwa fahari, maana hata mshika minyororo alifika zamani. Uungwana hauthibitishwi kwa nasaba wala kwa kanzu. Wenye kuuthibitisha ni majirani, aliyekopeshwa mtumbwi, aliyeuziwa kwa mizani ya haki, aliyezikiwa maiti wake pasipo kuulizwa dini. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ufuko huu kuna wenyeji ambao kwa wageni wa kale hawakupona. Kuwaponya watoto wao ndiyo kazi iliyobaki.